Maua Aliyachagua, Pete Akaikwepa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nitauza pete za harusi. Meneja, mama mjane aliyeendesha duka lile la Kitale bila kupandisha sauti hata mara moja, aliviangalia viatu vyangu, akaviangalia tena, kisha akanipeleka uani kwenye ndoo zilizojaa waridi.

"Pete utaziona," akaniambia. "Kwanza jifunze kushika kitu kinachochoma bila kukunja uso mbele ya mteja."

Nilitoa miba kutwa nzima, na viatu nikavivua kabla ya saa ya chai.

Duka letu lilikuwa na pande mbili: kulia vioo vya pete, kushoto maua. Nyinyi vijana mnaochagua harusi nzima kwenye simu mkiwa mmelala kitandani huenda msinielewe, lakini wakati ule ua lilikuwa kazi. Shina la waridi hukatwa kimshazari ili linywe maji vizuri. Majani ya chini hutolewa yasioze ndani ya ndoo. Yungiyungi huondolewa chavua, ule unga wa manjano ulio katikati, kwa maana ukigusa gauni jeupe hakuna sabuni itakayokusaidia. Na shada, yaani lile fungu analoshika bibi harusi, halifungwi mpaka maua yawe yamenyweshwa yakashiba. Meneja alipita nyuma yangu akiligusa kila shada kwa kidole kimoja. Akinyamaza, ujue umefaulu.

Baada ya mavuno ya pili nikahamishiwa upande wa pete, chini ya Fundi Mkuu. Huyu alikuwa mzee mwembamba aliyeongea na dhahabu zaidi kuliko alivyoongea na watu. Alinipa kipimo, fungu la pete tupu za bati zilizotungwa pamoja, kila moja na namba yake, akanifundisha kwamba kidole hupimwa kwenye kifundo, pale kinapokuwa kinene, kisha ndipo uangalie kama pete itatulia chini yake.

"Mtu akitoka kutembea juani, mpe kiti na maji kwanza," alisema. "Kidole chenye joto kimevimba. Ukikipima hapo, pete utakuja kuitafuta ndani ya ugali."

Ni yeye aliyenieleza kwamba dhahabu tupu ni laini mno, hivyo huchanganywa na madini mengine isipinde, na karati ni namna ya kusema dhahabu yenyewe ni sehemu gani ya mchanganyiko huo. Tena alikataza kumuuzia mama wa shambani pete yenye kito kilichoshikwa na kucha za dhahabu. Kucha hizo hukusanya unga na kuwakwaruza ng'ombe wakati wa kukamua. Mteja akisisitiza, Fundi Mkuu alimuuliza tu, "Kwenu mnakamua kwa mashine?" na mteja akarudi kwenye pete laini ya mviringo.

Kisha Mkurugenzi, mwenye duka, akafungua tawi Bungoma, na akanichagua mimi kuwa msimamizi. Alinipeleka mwenyewe kwa gari lake. Tulipokaribia mji akasema, "Usiuze huku kama Kitale. Kitale mtu anakuja na mchumba wake. Bungoma anakuja na ukoo."

Alisema kweli. Bibi harusi wa Bungoma aliingia akifuatana na shangazi zake, hao tunaowaita senge, nao ndio waliochagua. Senge wengi walipenda maua ya plastiki. Niliwaonyesha waridi mbichi yenye umande, wakaniuliza, "Hii baada ya harusi si itakufa? Sisi tunataka ya kuweka juu ya televisheni." Nilijifunza kuchanganya: mbichi kwa bibi harusi, plastiki kwa meza ya wazee, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika.

Katika tawi hilo ndipo nilipokutana na Nekesa.

Alitoka Naitiri, ambako alikuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mjomba wake. Mchumba wake aliitwa Njoroge, kijana mpole wa Kachibora, ambako wazazi wake walikuwa wakulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mara ya kwanza Nekesa alikuja na senge wake, mara ya pili na Njoroge, halafu akawa anakuja peke yake kila siku ya soko. Maua aliyapenda mpaka akayajua kwa majina. Lakini Njoroge alipoinamia kioo cha pete na kusema, "Hii je?" yeye alijibu, "Tutarudi," akageukia ndoo za waridi.

Shada alilotaka lilinishangaza. Alitaka lile refu linaloporomoka kama mkia wa jogoo, lenye majani mengi, zito la kushikwa kwa mikono miwili.

"Utachoka, mwanangu," nilimwambia. "Harusi ni siku nzima."

"Sitachoka. Nitalishika hata wakati wa kiapo?"

"Wakati wa kiapo unampa msimamizi wako. Mikono inabaki wazi."

Jua la Bungoma lilikuwa linachoma siku ile, naye alikuwa amevaa sweta lenye mikono inayofika kwenye kucha. Mwishowe, dukani palipokuwa hapana mtu, nikachukua kipimo nikamwomba mkono. Alinipa wa kulia.

"Huu mwingine, mama," nilisema taratibu.

Alikaa akitazama mlango. Kisha akavuta mkono wa sweta, akaulaza mkono wake wa kushoto mezani kati ya vipande vya mashina. Kidole cha pete hakikuwepo. Kilikuwa kimeondoka chote, na ngozi ya pale imefunga laini, jeraha la zamani. Mashine ya kukatia ng'ombe majani, aliniambia. Alikuwa bado msichana wa shule ya msingi.

"Njoroge anajua?"

"Anajua. Yeye hata hajali. Nilimwapisha asiseme kwao." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ni mama yake. Na lile kanisa lote. Pasta akisema lete mkono, nitaleta nini? Watasema kijana wao ameoa kilema. Tafadhali usimwambie mtu."

Nikamwahidi. Katika kazi yetu unasikia mengi, na Meneja wa Kitale alinifundisha kwamba neno la mteja halitoki nje ya kizingiti.

Haikupita muda, akaingia mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, mwavuli mkononi, uso wa mtu aliyesafiri akiwa amekasirika. Hakuangalia pete wala maua.

"Ni wewe unauza hii harusi ya Njoroge?"

"Nauza maua na pete, Mama. Karibu."

"Mimi ni mama yake. Nimetoka Kachibora asubuhi." Aliuegemeza mwavuli kwenye meza. "Sasa niambie ukweli. Huyu msichana anataka kijana yangu ama anatucheza? Kila wiki ati maua, maua. Pete hataki hata kusikia. Si pete ndio ndoa? Kijana yangu aliachwa mara ya kwanza, harusi imekaribia hivi hivi. Alikaa kwa nyumba hakuli, haongei. Mimi siwezi kuona hiyo tena. Nikitoka hapa bila jibu, naenda kwa wazee, hii maneno isimame."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lingemtuliza papo hapo, na halikuwa langu. Nikinyamaza, harusi inavunjika. Nikisema, nimemvunja Nekesa.

"Mama," nilimwambia, "jibu liko. Lakini si mimi wa kulitoa. Keti unywe chai."

Nilitoka uani nikampigia Nekesa. Bahati nzuri alikuwa hapo hapo mjini, kwa mshonaji wa gauni.

"Mama Njoroge yuko dukani. Anafikiri humtaki mwanawe. Anataka kwenda kwa wazee."

Nilisikia cherehani ikienda.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia kitu. Ni wewe kuja, ama kutokuja."

Simu ikakatika.

Nilirudi nikamwongezea mgeni wangu chai ambayo hakuwa ameigusa. Nilipanga ndoo zilizokuwa zimepangwa. Nilifuta kioo kilichokuwa safi. Nakwambieni, hata siku ya usaili wangu sikuogopa hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuamini haji, ndipo Nekesa akasimama mlangoni, anapumua kwa nguvu. Sweta alikuwa amelibeba begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Hakuketi. Alitembea mpaka kwenye kioo cha pete, akaweka mikono yake yote miwili juu yake, vidole vimetanuka.

"Ni hii, Mama. Ndiyo sababu nakataa pete. Sina mahali pa kuivaa."

Mama Njoroge aliinuka. Aliutazama ule mkono, akamtazama msichana usoni, akautazama mkono tena.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni hii ndio imefanya silali?" Sauti yake ilipanda, na mimi nikadhani ni hasira, kumbe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaketi kwa kishindo, kitambaa kikamteleza kichwani, asijali. "Wee msichana! Mimi nimefunga na kuomba, nikijua unatoroka!"

"Mimi nilijua utanikataa."

"Nikukatae kwa kidole? Kijana yangu anaoa kidole?" Akauvuta ule mkono akaufunika kwa yake. "Iliuma?"

"Iliuma sana, Mama."

"Na nani aliacha mtoto na mashine? Hapana. Usiniambie, nitakasirika na watu tutakula nao meza moja." Akapangusa macho kwa kitambaa. "Kwangu hakuna mtu atakutuma ukate majani. Umesikia? Hakuna."

Nekesa aliinamisha kichwa, akalia. Niliwaacha nikaenda kujifanya natafuta mkasi, kwa sababu mimi pia macho yalikuwa yamejaa.

Niliporudi Mama Njoroge alikuwa amekwisha kuwa mwenye harusi. "Kwani hiki kingine kina makosa gani?" alisema akigonga kidole cha kati. Kisha akatoa simu akampigia pasta wao, kwa spika, duka zima lisikie. "Pasta, pete ikivaliwa kidole cha kati, ndoa inashika?"

Pasta alicheka. "Mama, ndoa inashikwa na kiapo. Hata akivaa kidole gumba, nitawaunganisha."

Nilimpa Nekesa maji, nikasubiri kidole kipoe, nikapima. Kifundo cha kidole cha kati kilikuwa chembamba, pete ilipita bila kusukumwa. Alichagua ya mviringo laini, isiyo na kito, na Mama Njoroge akaitikia kwa kichwa kama mtu ajuaye ng'ombe.

Nikafungua kitabu cha picha za mashada nithibitishe lile refu.

"Hapana," Nekesa alisema. "Sasa naweza kuchukua kadogo."

Alichukua waridi nyeupe na gipsi, yale maua madogo kama chenga za mchele, fungu la kushikwa kwa mkono mmoja. Siku ya harusi nilipeleka maua Naitiri, nikasimama nyuma ya kanisa. Alimpa msimamizi shada lake, akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya watu wote. Njoroge akamvalisha ile pete. Wale waliokuwa mbele wakanyoosha shingo, wakaelewa walichokiona, halafu kigelegele cha kwanza kikatoka upande wa Kachibora. Nilimjua mwenye sauti hiyo. Nikaketi kwenye benchi la wanakwaya.

Baadaye nilirudishwa Kitale kuwa Meneja, nikawapokea wasichana wengine na viatu vyao. Fundi Mkuu alikuwa amekwenda kupumzika kwao, na pete nyingi zilikuwa zinaletwa zimekwisha kutengenezwa, kazi yetu ikawa kupunguza na kupanua tu. Sikulalamika. Watu waliendelea kuingia wakiwa na hofu, kila mmoja na yake, nao waliizunguka kwa kubishana juu ya rangi. Ukinifuata katika kazi hii, msikilize mteja anapokataa kitu kizuri. Hapo ndipo penye shida yake, na mara nyingi ni ndogo kuliko anavyoibeba.

Sasa nimestaafu, niko shambani kwangu. Mvua ikinyesha Jumamosi alfajiri, moyo bado unaruka: gari litapita? Maua yamefunikwa? Bibi harusi ameamka? Naketi kitandani, miguu tayari inatafuta kandambili. Kisha nakumbuka kuwa hakuna anayeningoja, narudi chini ya blanketi, nasikiliza, na mvua inakuwa mvua ya mahindi tu.