Picha ya Fundi Cheche Langoni

Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Vibarua wawili wako juu ya ngazi kwenye lango la hospitali, wanapigilia misumari. Picha inayopanda ukutani ni kubwa kuliko mlango, na uso uliomo ni wa mchomeleaji vyuma anayeitwa Cheche. Chini pameandikwa kwa rangi nyekundu: HUYU AMEACHA SIGARA. WEWE JE?

Muuguzi wa kliniki ya kifua amesimama chini yake na trei ya dawa mkononi. Wagonjwa wanamwita Mama Pumzi. Anaitazama ile picha kama mama aliyemkuta mwanawe juu ya paa.

"Bwana katibu, huyu bado mbichi," anamwambia katibu wa hospitali. "Hajamaliza hata mwezi."

"Sista, wageni wanakuja keshokutwa. Unataka tuwaonyeshe nini, makohozi?"

Watu wanacheka. Picha inabaki. Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika, ingawa siku yenyewe kila mtu aliiita njema.

Cheche hakuja hospitali kwa sababu ya kifua. Alikuja na kidonda cha kifundo cha mguu kilichokataa kupona. Daktari alimwambia mishipa imeziba kwa sigara, asipoacha mguu utakatwa. Basi. Wakubwa wa tiba ndivyo walivyo: wanakutupia neno kama mfupa, kisha wanaita, "Anayefuata!"

Mfupa huo uliokotwa na Mama Pumzi, anayewasaidia watu kuacha sigara katika chumba chenye dirisha moja na feni iliyoacha kuzunguka kabla yeye hajaajiriwa. Ana miaka kumi na sita humo.

"Mimi sihubiri," anasema. "Kwamba sigara inaua, imeandikwa kwenye pakiti, na mtu anaisoma huku anawasha. Mimi namuuliza unavuta saa ngapi, ukiwa na nani, na ule mkono mwingine unafanya nini."

Cheche alimjibu kwamba huvuta kila anapobadilisha kijiti cha kuchomelea. Na jioni. Ni mgane, mkewe alifariki miaka minne iliyopita.

"Zamani nikirudi nyumbani kuna mtu wa kunigombeza," alimwambia. "Sasa inayonisubiri ni sigara."

Walichagua siku ya kuacha. Mama Pumzi akambandika begani kibandiko kinachoupa mwili nikotini kidogokidogo, ili usimdai sigara kwa fujo.

"Yaani natiwa kiraka kama tairi?"

"Ndiyo, fundi. Na ukivuja, rudi siku hiyohiyo. Sitakuuliza umepita kwenye msumari gani."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Wengi wanaoacha huteleza kwanza, na Mama Pumzi anasema anayerudi upesi ndiye anayepona. Kujikwaa si kuanguka.

Cheche hakuteleza. Kidonda kikaanza kufunga. Ndipo wakubwa walipomwona, wakampiga picha akiwa kwenye foleni, wakamwambia acheke. Alhamisi wageni walipofika, alisimamishwa pembeni ya uso wake mwenyewe, wakampigia makofi.

"Hata mimi nilipiga," anasema Mama Pumzi, na hapo sauti inashuka. "Nilijua si sawa, na nilipiga."

Kliniki iliyofuata Cheche hakuonekana. Ya pili, hakuonekana. Ya tatu alikuja binti yake, kuomba bandeji.

"Baba yuko wapi, mwanangu?"

"Yupo kazini, mama. Anasema atapitaje chini ya ile picha na mdomo unanuka sigara?"

Mama Pumzi hakula mchana huo. Alivua koti jeupe, akaenda karakana kwa miguu. Alimkuta Cheche amekaa juu ya debe, mguu umenyooshwa mbele, moshi unamtoka mgongoni alikoficha mkono.

"Sista, umekuja kunikamata?"

"Nikukamate nikuweke wapi, fundi? Maliza hiyo usijichome. Halafu nione mguu."

Kidonda kilikuwa kimefunguka tena. Alikisafisha palepale, katikati ya magrili na milango isiyo na nyumba.

"Uliwasha lini?"

"Siku ileile ya wageni." Cheche alitazama pembeni. "Nimepigiwa makofi na watu wenye tai, mimi! Nikarudi nyumbani, nikafungua mlango, kimya. Hakuna wa kumsimulia. Mke wangu angecheka mpaka akae chini. Nikavuta moja tu, sista. Asubuhi nikataka kuja kwako, kama tulivyosema. Nikafika langoni, nikajiona nimekenua meno. Nikageuza."

"Makubaliano yetu yako palepale."

"Yetu, ndiyo. Ile picha haikukubaliana na mtu."

Daktari, alipoelezwa na Mama Pumzi, amempa hadi mwisho wa mwezi ujao. Kidonda kisipofunga, mguu unaondoka, na mchomeleaji wa mguu mmoja hapandi juu ya kenchi za paa. Wamechagua siku mpya, Jumatatu. Kila akibadilisha kijiti atakunywa maji kwanza. Jioni atakwenda kwa binti yake badala ya kufungua mlango wa kimya. Vibandiko hakuna, stoo vimekwisha. Rangi nyekundu ya bango, hiyo haikukosekana.

"Jumatatu sawa," Cheche alisema. "Lakini uje wewe. Lile lango silipiti."

Mama Pumzi anakwenda, kwa muda wake wa chakula. Anachotaka sasa ni alasiri moja tu kwa wiki, atoke awafuate waliopotea, maana Cheche hayuko peke yake. Anawajua wengine saba walioteleza wakaona haya kurudi. Picha pia anataka ishushwe. Alisimama kwenye kikao cha hospitali akasema hayo yote. Katibu akamjibu muuguzi halipwi kuzurura mitaani, na picha itashuka wageni wengine wakishapita.

Mama Pumzi hakukaa. Aliwauliza swali moja. Mganga mkuu akaangalia saa, katibu akahamia kwenye habari za kupaka uzio chokaa, na mpaka leo swali liko pale alipoliacha: mgonjwa akituonea haya, ni kazi ya nani kumfuata?