Mtungi Wenye Alama ya Msumari

Nilikuwa nikisema, na walionijua siku hizo watakubali, kwamba hakuna kitu Nairobi hii kingeweza kunishangaza. Nilifika Eastlands na shati moja na darasa la tatu, na hilo darasa lenyewe sikulimaliza. Nikabeba mizigo, nikasukuma mkokoteni, nikauza maandazi ya watu, na kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa mtu wa mitungi anayejulikana kutoka Pumwani hadi Kariobangi.

Wacha niwaeleze vijana, maana leo wanatupa plastiki kama maganda ya ndizi. Wakati ule plastiki ilikuwa mali. Mafuta ya kupikia, sabuni ya maji, gundi, vyote viliingia viwandani kwa mitungi ya lita ishirini. Ikibaki mitupu, mimi ndiye niliyejua mlango wa nyuma uko wapi na wa kuongea naye ni nani. Niliinunua, ikaoshwa, ikarudi mitaani kubeba maji. Ukiona foleni ya mitungi kwenye bomba la Kaloleni, nusu yake ilikuwa imepitia kwangu. Hapo sijisifu, nasema jinsi ilivyokuwa.

Lakini kuosha sikuosha mimi. Aliyeosha ni mama mmoja wa kutoka Machakos, mke wa dereva wa lori, aliyekuwa na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake Kariobangi. Alitia kokoto, majivu na maji ya moto, akaulaza mtungi mapajani na kuutikisa mpaka mikono yake ikawa minene kuliko yangu. Kisha akaujaza maji, akaufunga na kuuweka juani siku tatu. Siku ya nne aliyachemsha yale maji, akapika chai ya rangi kikombe kimoja, akaionja. Kila mtungi na kikombe chake. Hakuruka hata mmoja.

Chai ikiwa safi, alipasha msumari kwenye jiko na kuuchoma mtungi alama moja chini ya mkono wa kushikia: huu ni wa maji. Chai ikiwa na harufu, alama mbili: wa mafuta taa. Ikiwa mbaya kabisa, hapakuwa na alama, palikuwa na kisu. Mtungi ulikatwa vipande, na vipande vikawa viraka vya mingine. Hiyo kazi ya viraka ningeweza kuitazama kutwa. Kisu kikishapata moto, anayeyusha kipande juu ya ufa, analainisha kwa mgongo wa kijiko kilicholowa, na ukipitisha kidole hujui ufa ulikuwa wapi. Hakufundishwa na mtu.

Akina mama wa Eastlands walimjua. Kabla ya kuuliza bei, mtu anapitisha kidole chini ya mkono wa mtungi. Akiipata alama, ndipo anaanza kubishana.

Sasa, Jumanne moja wakaja kwangu akina mama wa kanisa la Kaloleni. Walikuwa na harusi Jumamosi pale ukumbini, na bomba halikuwa la kuaminika. Walitaka mitungi thelathini ya maji ya kunywa na kupikia, wakalipa hapo hapo, shilingi kumi na mbili kila mmoja. Na mimi nilikuwa na thelathini, imetoka kiwanda ambacho sikuwa nimewahi kufanya nacho kazi. Mtu wa stoo aliniambia ilibeba maji ya sabuni.

Nikampelekea mama wa kuosha habari.

“Itakuwa tayari Jumapili,” akasema.

“Mama, harusi ni Jumamosi.”

“Basi wanywe Jumapili.”

“Na hiyo thelathini yako hapo, yenye alama tayari?”

“Hiyo ni ya wauza maji wa Majengo. Wameshaniagiza.”

Nikaondoka nikicheka. Pua yangu ilikuwa imenusa mitungi ya mji huu miaka sita. Nikaiosha ile yangu mwenyewe kwa sabuni ya unga, nikanusa mmoja mmoja, sikusikia kitu. Kisha nikatafuta msumari, nikaupasha moto. Alama thelathini. Jumatano mitungi ikawa Kaloleni.

Alhamisi asubuhi mama akanijia, mtungi mkononi, maji kidogo ndani yake. Mmoja wa wale akina mama alikuwa amempelekea abadilishe kifuniko. Alipopitisha kidole chini, akajua. Msumari wake huingia kwa kulala. Wangu uliingia wima.

“Mwenye pua,” akaniita. Hakupaza sauti. “Leta sufuria.”

Akachemsha maji ya ule mtungi kwenye jiko langu, akatia majani, akanimiminia. “Nusa.”

Nikanusa. “Ni chai, mama.”

“Onja.”

Nikaonja. Ulimi ukafa ganzi upande mmoja, kama nimelamba betri. Mpaka leo sijui ile mitungi ilibeba nini.

“Ikiwa baridi, ladha imelala,” akasema. “Ikipata moto ndiyo inaamka, na pua haiisikii. Jumamosi kuna watoto pale, baba. Na mama zao wataweka kidole hapa, wataona ni mimi nimesema wanywe.”

Tukaenda Kaloleni. Mitungi ilikuwa imepangwa nyuma ya ukumbi, imejaa tayari, na sufuria kubwa zimeinamishwa kando. Mama akasimama mbele ya akina mama wa kanisa.

“Hii ina alama ya maji, lakini mimi sikuionja. Mwageni.”

Mkubwa wa kikundi akauliza, “Kwani nani aliitia alama?”

Mama akainama kumwaga mtungi wa kwanza. Angeweza kunitaja na nisingemlaumu. Aliendelea kumwaga mpaka aibu ikanizidi.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilinusa tu.”

Wakanitazama. Mmoja akasema taratibu, akifungua kifuniko kumwaga, “Kumbe hiyo pua ni ya kushikia miwani tu.”

Kutoka hapo mama alinichukua mpaka Majengo, kwa wale wauza maji watatu. Watu hawa waligombana na kila mtu, hata bomba. Mama akawaeleza kwamba mitungi yao inaenda kwa harusi na yao itakuwa tayari wiki ijayo. Nikajiandaa kwa matusi. Mkubwa wao akasema, “Ukisema wewe, mama, tutangoja,” akaendelea kufunga mkokoteni wake. Hapo mimi, mtu asiyeshangazwa na kitu, nilishangaa. Mimi ningehitaji nusu saa na rushwa.

Jumamosi nilikwenda harusini. Nilikunywa maji vikombe viwili mbele ya watu. Mama alikuwa kati ya waimbaji na hakunitazama.

Wiki iliyofuata alinipa kisu nikate ile yangu thelathini mwenyewe. Kwanza alitaka nitoe kipande chenye alama kwenye kila mmoja, kisha niipasue katikati kwa urefu. Mafundi wa mawe waliichukua ya kukorogea simiti. Alama ya uongo sikuchoma tena, na kila mtungi niliouza tangu siku ile ulipita kwanza kwenye chai yake, hata mteja akilia.

Hesabu ya kosa lile, niliyoilipa mimi: mitungi yake thelathini kwa bei yake ya shilingi kumi na tatu kila mmoja, mkokoteni kwenda na kurudi shilingi kumi na sita, na majani ya chai aliyosisitiza nilipe, shilingi tatu na nusu. Jumla shilingi mia nne na tisa na senti hamsini.