Ardith Ashuka Kitini

Jirani yangu Loretta Tatro alikuja kurudisha sahani ya pai, na kabla hajaifikisha mezani akaniambia kuwa Ardith Colburn anaachia kiti cha uenyekiti. "Jumanne hii hii," akasema. "Kachoka huyo, au kuna mtu kamchosha."

Sikuamini. Hapa Vermont, Marekani, mkutano wa mji, ambapo wakazi wote huamua mambo yao kwa kura, hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi, theluji ikiwa bado imefika madirishani, na tangu niolewe huku sijaona mtu mwingine akiuongoza. Miaka ishirini na miwili wamemchagua yeye. Siku nyingine zote Ardith ni mfugaji tu wa ng'ombe thelathini na wawili, na buti zake humtangulia kwa harufu.

Sharti lake ni moja: mkutanoni humsemeshi mwenzako, unamsemesha mwenyekiti. Wale ndugu wawili akina Perley walinuniana miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa msitu, wakawa wanazungumza mara moja kwa mwaka, kupitia kwake. "Bibi Mwenyekiti, mwambie huyo aliyekaa karibu na jiko kuwa ni mwongo." Naye Ardith kwa upole: "Hilo simwambii, Norris. Ila nimesikia una neno kuhusu daraja." Watu wakacheka, na daraja likajengwa.

Msimamo wake mwenyewe hakuna aliyeujua, hata Royal, mumewe. Ukimuuliza, naye anakuuliza mtoto ameota meno mangapi.

Mwaka huu hoja ya kumi na moja ilikuwa kufunga shule yetu. Watoto arobaini wangepanda basi hadi ng'ambo ya mlima, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Mwanangu Emmett ana miaka mitano. Gordon Thrall, mwenye kiwanda cha mbao, alitaka ifungwe ili kodi ishuke, na nusu ya mji hupata riziki kwake, Dale mume wangu akiwamo.

Tulipoifikia hoja hiyo Ardith akalaza mezani nyundo yake ya kuongozea mkutano. Akasema mwenyekiti hapaswi kuwa na upande, na yeye leo anao. Tukamchagua Clayton Fifield aongoze hoja hiyo moja, na Ardith akaja nyuma, akaketi ubavuni mwangu, nami namnyonyesha mtoto wangu mchanga, Opal.

Zamu yake ilipofika hakusema mengi. "Nimewasikiliza miaka ishirini na miwili mkibishana," akasema, "na mchana mnakula maharage meza moja. Hilo mimi nilijifunza shuleni pale, darasa la tatu. Tukiifunga, hawa watoto watajifunzia wapi kukaa na mtu wasiyekubaliana naye?"

Clayton akaitisha kura ya sauti. "Ndiyo" ya kuifunga ilitoka vifuani mwa wakata mbao, vioo vikatetemeka. "Hapana" ilitoka kila pembe ya ukumbi, lakini nyembamba, wengine wakiitamka huku wameinamisha vichwa. Masikioni mwangu wa "hapana" walikuwa wengi zaidi. Clayton akasema ndiyo imeshinda.

Ardith alikuwa ameshasimama. Akaomba kura ya karatasi, ile unayoandika na kukunja, asijue mtu umeandika nini. Sheria inataka watu saba wasimame kuiomba. Norris Perley akainuka. Upande wa pili wa ukumbi akainuka nduguye, bila kumtazama. Akafuata mwalimu, kisha mama wa posta, kisha Loretta yuleyule, uso umemwiva.

"Sita," Clayton akahesabu. "Ni saba, la sivyo tunaendelea."

Thrall akageuka kitini, akaanza kutazama safu moja moja, taratibu, kama mtu anayechagua magogo. Watu wakaangalia viatu vyao. Safu mbili mbele yangu niliona shingo ya Dale ikiwa nyekundu, hakugeuka. Mimi sijawahi kusimama mkutanoni hata kuuliza saa. Opal alikuwa ananyonya kwa pupa, kafumba macho.

Ardith hakuketi. Aliinama tu, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Nipe mtoto," akaninong'oneza. "Wewe simama."