Babu Sikio Hakufa

Lusajo alikuwa mtu wa magazeti ya bure. Kila asubuhi, akienda kwenye zamu yake katika nyumba moja ya kutunzia wazee jijini London, aliokota gazeti kwenye kiti cha treni, akaruka siasa, akaruka mpira, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa filamu. Filamu zenyewe hakwenda kuzitazama. Alisoma tu walichosema wahakiki, akaguna, akabishana nao kimoyomoyo mpaka kituo chake kikafika. Kazini walimwona ana kasoro ndogo, mtunza wazee wa miaka hamsini na mbili anayejua filamu ipi imepewa nyota ngapi na hajaiona hata moja. Hawakujua kwamba huyo ni mtu wa fani, aliyestaafu kabla ya wakati.

Maana huko nyuma Lusajo alitafsiri filamu, na si kwa kuandika kwenye karatasi. Alikaa na maiki kwenye banda moja la video Manzese, filamu ikienda kwa Kiingereza, naye akiiendesha kwa Kiswahili. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akisema maneno mawili, Lusajo alimwongezea kumi. Adui alimpa majina ya wenye nyumba wakorofi wa mtaani, na banda zima lilijua nani anasemwa. Filamu ikiwa mbovu aliitengeneza hapo hapo kwa mdomo, watu wakatoka wakisema leo tumeona kitu. Ndiyo maana wahakiki wa London aliwaonea huruma kidogo. Wanaona ubovu vizuri sana, masikini, lakini maiki hawana.

Mwezi wa tatu mwaka huu ilitoka sehemu ya pili ya filamu ya wezi saba. Ile ya kwanza ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini, kichekesho cha watu saba wanaopanga kuiba dhahabu chini ya jumba la kamari, na kila mmoja wao ni nyota. Sasa nyota sita kati yao walirudi wakiwa na mvi za kupakwa dawa, wakaongezewa wengine watatu maarufu, na sura zao zikabandikwa ubavuni mwa mabasi yote yapitayo Woolwich. Wahakiki waliishukia bila huruma. Nyota mbili kati ya tano. Nyota moja. Mmoja aliandika kwamba wachekeshaji wamekusanyika ila kicheko kimesahauliwa nyumbani. Mwingine, na huyu Lusajo alimsoma mara tatu, aliandika kwamba filamu nzima inafanana na msiba ambao kila mtu anajua mzee amekufa na hakuna anayethubutu kumtaja.

Gazeti hilo alilikunja akalitupa kwenye pipa kabla ya kufika nyumbani.

Mzee aliyetajwa ni yule mwizi wa saba, mvunja sefu, ambaye hakutumia baruti wala ufunguo. Aliweka sikio kwenye chuma, akasikiliza, akakohoa, mlango ukafunguka. Manzese walimwita Babu Sikio, na aliyempa jina hilo ni Lusajo.

Banda lile lilikuwa la baba yake Elinaja. Elinaja alikaa mlangoni akikata tiketi, nyuma ya pazia la gunia, na filamu alizijua kwa kuzisikia tu. Mwaka wa filamu ile ya kwanza baba yake alifariki. Alipozikwa, Elinaja alirudi mlangoni kukata tiketi na kwa wiki tatu hakuongea na mtu zaidi ya kusema asante. Ndipo kanda ya wezi saba ikaja, Jumamosi mchana. Babu Sikio alikuwa na kikohozi kama cha marehemu, na alivaa koti kwenye joto kama yeye, na aliwagombeza vijana kwa kidole kilekile. Elinaja akasogeza pazia, akasimama kutazama. Katikati ya filamu Lusajo akamsikia anacheka.

Tatizo ni kwamba Lusajo alikuwa ameshaitazama kanda hiyo asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake, na alijua Babu Sikio anakufa. Wakati ulipofika, mzee akalala kitandani akafumba macho. Wezi sita wakasimama kando ya kaburi, wamevua kofia. Lusajo akageuka, akamwona Elinaja ameshika mdomo kwa mkono. Hapo mdomo wa Lusajo ukaitangulia akili.

"Tulieni, ndugu watazamaji," alisema kwenye maiki. "Babu Sikio hakufa. Hilo jeneza halina mtu, lina dhahabu. Mwenyewe yuko kwenye basi la Tukuyu, anakwenda kupalilia migomba yake."

Banda lililipuka kwa makofi. Manzese yote ikaisimulia filamu hivyo, na hata walioiona mahali pengine waliambiwa wameona kopi mbovu. Mwaka haukuisha, Lusajo na Elinaja wakaoana. Ikawa kauli ya nyumbani kwao: viza ikikataliwa, mimba ikiharibika, Elinaja alijifuta macho akasema Babu Sikio hakufa, wakaendelea. Walipohamia London akaiacha. Lusajo alidhani ni mji tu, unawaondolea watu utani.

Siku waliyoliona tangazo ubavuni mwa basi walikuwa wanatoka hospitali. Elinaja alilitazama mpaka basi likakata kona.

"Kumbe wametoa ya pili," alisema. "Baba Haika, na Babu Sikio yumo?"

Lusajo alijibu kwamba hajui, na kwamba magazeti yanaiponda.

Nusu saa kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo baya kuliko hilo. Elinaja alikuwa na kansa ya kongosho. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha kusafisha maofisi alfajiri, na kwenye kila ofisi yenye meza mdomo wake alikuwa Lusajo. Hospitali walitaka kumpa mkalimani wa kwenye simu, akawaambia hana haja, mume wake ni mtafsiri kwa ujuzi. Daktari, dada mmoja mpole mwenye kuongea taratibu, alisema ugonjwa umefika kwenye ini. Alisema dawa haziwezi kuuponya. Alisema ni miezi, si miaka, labda mitatu, pengine minne, na kwamba ingekuwa vizuri mama aseme mwenyewe anataka kuitumiaje. Kisha akamtazama Lusajo, akingoja atafsiri.

Lusajo alikohoa. "Anasema dawa zitaanza polepole," alisema. "Tusiwe na haraka."

Elinaja aliitikia kwa kichwa, akamshukuru daktari.

Tangu siku hiyo wahakiki wakawa kimbilio lake. Elinaja akitaja filamu, Lusajo alitoa simu akamsomea jinsi inavyopondwa. Hapa wanasema inachosha. Hapa wanasema wizi wenyewe hauna kichwa wala miguu. Aliwatetea watu aliobishana nao miaka kumi na minane. Elinaja alisikiliza yote, akisonga ugali mdogo ambao hakuumaliza, na siku moja akauliza tangu lini wazungu wa magazetini wakawachagulia watu wa Manzese filamu ya kutazama.

Jumapili moja binti yao, Haika, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hukijibu kwa Kiingereza, alikuwa mezani na simu yake. Akasema kwamba amekuta uhakiki mmoja usio mbaya sana, mwandishi anasema kosa kubwa la filamu ni kuendelea bila yule mzee wa sefu, kwa sababu tangu alipo...

Lusajo akaangusha bakuli la mboga. Aliliangusha makusudi, sakafuni, mchicha ukatapakaa mpaka chini ya friji, na katika hekaheka ya kufuta uhakiki ukasahaulika. Haika alimtazama baba yake kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya. Elinaja alikuwa amepiga magoti na kitambaa, amekonda mpaka pete imesogezwa kidole cha kati.

Wiki ya sita filamu ilibaki na onyesho moja tu kwa siku, saa saba mchana, kwa sababu watu waliwaamini wahakiki na hawakwenda. Elinaja alisema anataka kwenda Jumanne, kwani Alhamisi ana daktari tena na baada ya daktari huwa hana nguvu. Lusajo alianza kusema kuhusu nyota mbili. Elinaja akamwambia avae koti.

Ukumbini walikuwa watu watano, wamekaa mbalimbali kama waliogombana. Mbele walikaa vijana wawili waliokwishalala. Nyuma alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye kitenge na mfuko mkubwa wa sokoni. Elinaja alikaa, akafungua koti, akamsogezea mume wake sikio.

"Nitafsirie," alisema. "Kama zamani."

Picha ya kwanza kabisa ilikuwa makaburini. Wezi sita, wazee sasa, wamesimama mbele ya jiwe lenye sura ya Babu Sikio. Miaka kumi na minane Lusajo hakushika maiki, na sauti ilikuja yenyewe, ile ya banda, nzito na ya majigambo. Akasema wamekuja kukagua dhahabu yao. Akasema yule mrefu ameshaanza kuichota kisirisiri, tazama viatu vyake vipya. Mzee mwenyewe amewatumia salamu kutoka Tukuyu, anasema ndizi zimestawi na mtu asimpigie simu. Elinaja akacheka. Mama wa nyuma naye akacheka.

Basi akaenda. Lusajo aliitengeneza filamu ile mbovu kuanzia mlangoni. Mahali wezi walipokaa kimya kwa aibu ya kusahaulika, aliwapa ugomvi wa deni la pilau. Wizi usio na kichwa akaupa kichwa, akamtia na mwenye nyumba wa Manzese aliyekufa zamani. Elinaja alicheka mpaka akashika tumbo, akauma midomo kwa maumivu, akacheka tena, na kwa saa nzima Lusajo akasahau yuko wapi na kwa sababu gani. Alikuwa na furaha kweli. Ni lazima isemwe, kwa sababu baadaye ilimuumiza kuikumbuka.

Kisha ikaja sehemu ambayo hata wahakiki wakali waliisifu. Mwizi kijana kuliko wote, ambaye sasa naye ana upara, anakaa peke yake mbele ya sefu iliyoshindikana. Anatoa simu ya zamani, anafungua ujumbe wa sauti. Ni kikohozi. Kikohozi cha Babu Sikio, halafu pumzi, halafu sauti yake inasema neno moja au mawili. Yule mwanamume analia, na kamera haiondoki usoni kwake.

Lusajo alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Tafsiri," alisema Elinaja.

Alijaribu Tukuyu, alijaribu migomba. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Alikaa akitazama uso mkubwa unaolia, na mkono wa mke wake ukawa juu ya mkono wake, mwepesi. Filamu ilikwenda mpaka mwisho kwa Kiingereza.

Taa zilipowaka, mama wa kitenge aliwapita kwenye ngazi. Alisema anaitwa Célestine, wa Goma, na Kiswahili cha namna ile hakukisikia tangu atoke kwao.

"Baba, mu magazeti walisema hii filme ni mubaya," alisema. "Mimi nimeona ile yako. Ilikuwa muzuri." Akamtazama Elinaja kidogo zaidi kuliko kawaida, akamshika bega, akaenda zake.

Walikaa kwenye kibanda cha kituo cha basi. Kulikuwa na jua lisilo na joto. Elinaja aliifunga skafu yake, akaifungua, akaifunga upya.

"Nilijua alikufa," alisema. "Mwaka wa kwanza tulipofika hapa, Haika mchanga, wewe kutwa uko kazini, nilichukua ile ya kwanza maktaba. Nilitaka tu kitu chenye sauti yako. Nikaweka, sauti yako haimo, na mzee akafa. Nililia mpaka mtoto naye akalia. Tangu siku hiyo sikuweza kusema tena ile kauli yetu."

Lusajo aliuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia nini? Ulinidanganya vizuri. Nilikuwa msichana, nimefiwa na baba, nilihitaji." Kisha akamwita kwa jina lake, jambo alilolifanya mara chache. "Lusajo. Yule daktari alisema nini?"

Basi moja lilipita, si lao. Lusajo aliitafuta sauti na ile ya banda haikuwapo, palikuwa na hii nyingine tu, ndogo, ambayo hakuwahi kuifanyia kazi.

"Alisema imefika kwenye ini. Dawa haziponyi. Alisema ni miezi. Mitatu. Pengine minne."

Elinaja aliitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyoitikia siku ile ofisini.

"Ndivyo nilivyosikia na mimi," alisema. "Nimesafisha ofisi zao miaka yote hiyo, Lusajo, miezi na miaka kwa lugha yao naijua. Nilikuwa nakungoja wewe. Wiki tano nimelala na neno hilo peke yangu, na wewe uko hapo hapo ubavuni mwangu."

Basi lao lilifika, dereva akaliinamisha upande wa kibanda ili mgonjwa apande kwa urahisi, na Elinaja akanyoosha mkono ili ashikwe. Walipokaa alisema Haika aambiwe leo, na kwamba atamwambia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.