Mpira wa Upande wa Kushoto

Sina sababu ya kukudanganya. Kisa hiki hakinipi sifa yoyote, kinaniaibisha tu. Kama ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pazuri kuliko hapa nilipo.

Kazi yangu ni kurekebisha vikanyagio vya magari ya kale. Unavijua? Ule ubao mrefu unaopita chini ya milango, ambao watu waliukanyaga kabla ya kuingia ndani. Juu yake hulazwa mpira wenye mistari, na ukingoni hupita ukanda wa aluminiamu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu vitu, hapa Nakuru, kwenye gereji ya mabati niliyokodi karibu na mtaa wa Kaptembwo. Na mimi ni mtu wa wasiwasi, sikufichi. Mstari mmoja ukipinda kwa unene wa ukucha, chakula hakishuki.

"Daktari," jirani yangu Otieno, fundi wa kuchomelea madirisha, hunitania, "wewe hata chapati lazima uipime na rula kwanza."

Mzee Kiprono alileta gari lake kutoka upande wa Njoro. Lilikuwa jeusi, la umri wake hivi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi iliyofuata, na bibi harusi angepanda gari hilo. Mzee alinizungusha polepole, fimbo mkononi.

"Huu mpira wa kulia, toa, weka mpya. Huu wa kushoto osha tu. Usiung'oe. Tumeelewana?"

"Lakini mzee, pande mbili hazitafanana."

"Nani amekuambia zifanane?"

Nilisema sawa. Nilimpa mkono kabisa.

Upande wa kulia ulitoka vizuri mpaka Otieno akaacha kunicheka. Lakini kila nilipouzunguka ule wa kushoto, macho yalikuwa yananiuma. Mpira ulikuwa umekauka, umepasuka, na karibu na mlango wa mbele ulikuwa umelika sehemu mbili, mashimo mawili mapana yasiyo na mistari. Niliuosha mara tatu. Nilijiambia watu watapiga picha. Watauliza ni fundi gani aliacha upande mmoja hivi. Nilijiambia mzee anaogopa gharama tu, na nikimfanyia bure atafurahi.

Jumapili mchana, Otieno akiwa kanisani, nilifunga geti la plot, ule ua tunaopanga sote, kwa mnyororo na kufuli, nikatia ufunguo mfukoni, nikaung'oa. Nilipitisha pasi ya makaa juu yake ili gundi ya zamani ilainike. Mpira haukukubali kutoka mzima. Ulimeguka vipande vipande kama ugali uliolala, nikavitupa kwenye gunia. Kufikia saa kumi mpira mpya ulikuwa umelala, umenyooka, pande zote mbili sawa. Niamini, nilikaribia kulia kwa raha. Gundi ile inataka siku nzima bila kukanyagwa.

Ndipo nikaona mtu amesimama nyuma ya gari.

Alikuwa mzee mwembamba, koti refu, miguu mitupu. Koti lilikuwa limelowa chapachapa. Ulikuwa msimu wa vumbi. Hata wingu halikuwepo. Sikuogopa wakati huo. Wazo langu la kwanza, naona haya kulisema, lilikuwa kwamba maji yake yataharibu gundi.

"Mzee, samahani, tumefunga leo."

Alikwenda upande wa kushoto kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akashika nguzo ya mlango na kuinua mguu.

"Mzee, usikanyage! Gundi haijashika!"

Alikanyaga. Mguu ukateleza, ukashuka. Mpira mpya una mistari mirefu, umetengenezwa makusudi ili mtu asiteleze. Akainua tena. Ukateleza tena. Mara ya tatu aliinama, akaupapasa mpira kwa kiganja, taratibu, kuanzia mlango wa mbele, kama mtu anayetafuta kitu gizani, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Kisha akaniangalia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kijana," akasema, "sasa nitasimama wapi?"

Nilitazama chini. Nilipoinua macho hakuwepo, na geti la plot lilikuwa wazi, mabawa yote mawili yamesukumwa hadi ukutani vizuri, jinsi unavyomfungulia mtu mwenye gari. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye mnyororo, limefungwa.

Mzee Kiprono alikuja Jumatatu. Aliona kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia kila kitu, hata yule mtu, hata koti. Nilitarajia fimbo. Yeye aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Shamba la mzungu lilikuwa na mageti saba toka barabarani mpaka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuyafungua. Alisimama hapo nje, juu ya kikanyagio, mvua inyeshe, jua liwake. Ndani hakuruhusiwa. Mzungu alipoondoka, baba akalinunua hili gari lake. Likakaa bandani mpaka mimi nikajua kuendesha. Nikamwambia, baba, ingia sasa, ni lako. Akakataa. Akasema mahali pake amepachimba mwenyewe kwa nyayo zake."

"Mzee, nisamehe."

"Hakupigwa picha hata moja, kijana. Ila ya kitambulisho, nayo imepotea. Nilitaka huyu mtoto akanyage pale baba yangu alikanyaga, halafu aende kwa bwana yake. Hiyo tu."

Akaomba gunia la vile vipande. Alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti cha mbele, ndani, akafunga mlango bila kuupiga. Alinilipa kazi ya upande wa kulia. Nilikataa, akaacha pesa juu ya tairi, akaondoka na gari.

Harusi ilifanyika, na nilisikia gari lilisifiwa sana. Miezi miwili baadaye nilikwenda kwake kuomba msamaha tena, maana nilikuwa silali. Alinipokea, tukanywa chai. Aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Tangu baba yake azikwe, kila alipopunguza mwendo kufika getini, gari lilikuwa linainama kidogo upande wa kushoto, kama mtu ameshuka, kisha linainama tena, kama amepanda. Miaka yote hiyo. Tangu Jumatatu ile halijainama hata mara moja.

"Limekuwa jepesi," akasema. "Kila geti nashuka kufungua mwenyewe."

Bado nafanya kazi hii. Siku hizi sianzi kung'oa kabla ya kumpigia mwenye gari na kumuuliza ni nani alikuwa akisimama hapa. Wengi hunicheka. Wewe pia cheka ukitaka. Lakini ukiletewa kitu cha watu ukaambiwa upande huu usiguse, usiguse, hata kama macho yako yanakuuma. Mimi niligusa. Nilimwondoa mtu aliyekuwa amesimama, na sijui alikwenda wapi.