Mchezo Usio na Filimbi

Kabla hatujaona chochote, tulisikia. Po. Kimya. Po. Kimya. Kisha po, po, po, na baada yake makofi ya watu wengi, yaliyokatika ghafla kama yalivyoanza. Tulikuwa tunatoka kisimani na ndoo vichwani, tukasimama nyuma ya nyumba ya Mzee Masalu. Mdogo wangu Shija akasema kuna mtu anatwanga mahindi mle ndani. Lakini ni nani, Bariadi nzima, aliyewahi kutwanga akapigiwa makofi?

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka siku zile, soko la pamba lilipofunguliwa na kila mwenye mizani na lori akawa mnunuzi. Mzee Masalu alikuwa mmoja wao. Msimu uliomwendea vizuri, treni ilishusha kwenye stesheni ya Malampaka televisheni yake, jenereta, na dishi pana ajabu ambalo majirani walidhani ni la kukingia maji ya mvua. Dishi lile lilinasa lilichotaka lenyewe. Jumapili alasiri lilitaka tenisi.

Basi tukawa watu wa tenisi. Tulijazana kwenye mkeka sebuleni, miguu imeoshwa kwa amri ya Mama Nkwimba, mke wa Mzee Masalu, ambaye ndiye aliyeuelewa mchezo kuliko mumewe. Tulikuja na michembe mifukoni, viazi vile vikavu vinavyolia mdomoni kama changarawe, na sheria ilikuwa moja: hakuna kutafuna wakati mpira uko hewani. Nyumbani tulichonga vibao, tukakaza pamba ndani ya matambara ikawa mpira, tukafunga kamba ya katani katikati ya njia ya ng'ombe. Ng'ombe walipopita tulisubiri, na tuliita hayo mapumziko.

Kilichotushika ni nini, hata leo nikikisikia kile kishindo kwenye televisheni ya mgahawani naacha chai ipoe? Nadhani kwanza ni kimya. Mchezaji anadundisha mpira chini, mara moja, mara nyingine, na uwanja mzima unashika pumzi, watu wazima wenye kofia na miwani wametulia kama wanafunzi wanaosubiri kusomewa matokeo. Kisha mkono unapaa, mpira unaruka hadi pembeni kabisa, na yule wa upande wa pili anateleza kwenye ule udongo mwekundu, mguu mmoja mbele, vumbi likimfuata, anaufikia mpira ambao sote tulishauzika. Na wako wawili tu. Hakuna wa kumpa pasi, hakuna wa kumlaumu. Mama yangu alikuwa akisema, "Jembe lako, tuta lako." Sikuwahi kumwelewa vizuri kama nilivyomwelewa pale.

Tulikuwa na kosa letu moja. Sisi tumelelewa kwenye ngoma za mavuno, ambako vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Anayekuvutia unamwendea. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo sebuleni kwa Mzee Masalu tuligawana pande, kila mtu akakaa upande aliosimama mchezaji wake. Wachezaji walipobadilishana pande, nasi tuliinuka na vigoda, mikeka na watoto wachanga, tukapishana katikati ya chumba kwa kusukumana, tukakaa upya. Hakuna aliyetuambia kwamba si lazima. Nadhani hata Mama Nkwimba aliamini ndivyo inavyofanywa kote duniani.

Katikati ya msukosuko huo ndipo Baba mkubwa Ngasa alipoingia, Jumapili moja ya baada ya mavuno. Alikuwa kaka wa baba yangu, na alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kikundi chetu cha ngoma. Siku hiyo alitakiwa awe uwanjani. Lakini wapinzani walikuwa wameleta chatu wa kucheza naye, watu wote wakawakimbilia, kama walivyomkimbia mwaka uliotangulia. Alikuwa ameiweka ngoma chini mbele ya wenzake na kusema kwamba umanju basi, wamtafute mwingine. Habari ilimtangulia kufika. Alitusalimu "Mwadila" kwa sauti ndogo, akaketi karibu na ukuta, njuga zikiwa bado miguuni.

Akatuona tunahama na vigoda vyetu. Mchezaji tuliyempenda, kijana mwembamba, alikuwa amepoteza seti mbili, na ilibaki moja tu apoteze mechi.

"Hata huyu mnamhama?" akauliza.

"Hatujamhama, shemeji," Mama Nkwimba alijibu bila kugeuka. "Tumemfuata."

Baba mkubwa akasema yule kijana angepeana mkono na mwenzake akapumzike, kwani amekwisha. Mama Nkwimba akamweleza kwamba huku hakuna filimbi, hakuna saa ya kumwokoa anayeongoza. Mpaka pointi ya mwisho ichezwe, hakuna aliyekwisha.

Kijana akafika pointi moja kabla ya kushindwa. Akadundisha mpira. Katika kimya kile njuga za Baba mkubwa zililia, akainama haraka akazishika kwa mikono yote miwili. Sijasahau alivyokaa, mzee mzima ameshika vifundo vyake, macho kwenye kioo. Mpira ukagusa mstari. Na uliofuata. Kijana akaichukua seti ile. Kisha, polepole, akichota pointi kama anayechota maji kwenye kisima cha kiangazi, akaichukua na ya nne. Seti mbili kwa mbili.

Mpwa wangu wa siku hizi hawezi kunielewa. Nikimwita tutazame mechi ananiambia, "Shangazi, si usome tu matokeo?" Ameshayaona kwenye simu, amebeba na kipande cha video cha pointi ya mwisho, anakirudia huku anakula chipsi. Anajua nani ameshinda kuliko tulivyojua sisi, ambao mara nyingine dishi letu liligeuzwa na upepo tukalala bila jibu. Ila sijawahi kumwona akishika pumzi. Naye, nadhani, hajui kwamba mtu anaweza kutazama mchezo akainuka akiwa mtu mwingine.

Baba mkubwa alikuwa ameshainuka, anakaza njuga.

"Keti, shemeji," Mama Nkwimba alimwambia. "Seti ya tano ndiyo utamu wenyewe."

"Jua halijazama," alisema. "Atakayeshinda mtaniambia."

Mzee Masalu akamtania kwamba kule uwanjani wamebaki wapiga ngoma wake tu. Baba mkubwa akajibu kwamba hao wanatosha kuanzia. Akaturuka mmoja mmoja pale mkekani, akatoka, na mwanga wa jioni ukaingia nyuma yake ukafuta kioo chote, wachezaji wote wawili wakapotea. Mama Nkwimba akanyoosha mkono, akaufunga mlango.