Siku Cheptanui Alipoingia Baa Kuuliza Habari za Ziwa

Cheptanui ni jirani yangu tangu tulipopata mashamba haya ya kando ya Ziwa Nakuru, na miaka hiyo yote sikuwahi kumwona ndani ya baa. Marehemu bwanake akienda kunywa, yeye alimngojea nje ya mlango, amejifunga leso, mpaka mzee atoke kwa aibu. Kwa hivyo aliponiambia, "Jumamosi twende kwa Kamande, kuna daktari wa chuo kikuu atafundisha watu habari ya ziwa, bure," nilimtazama kwanza.

"Bure? Na nani analipa?"

"Hakuna. Wanasema masomo yafikie wananchi."

Mimi nilifika darasa la saba, enzi ile darasa la saba lilikuwa darasa kweli, na vitu vya bure navijua. Nikiwa msichana kwenye shamba la mzungu kule Njoro, gari lilituletea sinema ya bure, tukacheka mpaka machozi. Kesho yake wenye gari wakarudi, mbuzi wetu wakahesabiwa, wakapunguzwa.

Lakini Cheptanui alikuwa na shida. Maji yamepanda miaka hii, yamemeza shamba la jirani lililo chini ya lake, na broka mmoja wa mashamba anayeitwa Jeff alikuwa haishi kumwambia auze. "Mathe, watu wa chuo wamesema kufikia Krismasi maji yako mlangoni. Mimi nakuonea huruma tu." Shamba hilo alilipata kwa kazi ya kiwanda cha blanketi, akivuta vumbi la sufu kifuani, na ndilo linalomlisha. Akiuza na maji yasije, amejitupa. Asipouza na yaje, hana kitu.

Mimi niliona wazi: Jeff na huyo daktari ni kitu kimoja. Mmoja anatisha, mwingine ananunua.

Tukaenda mchana. Nilibeba chai yangu kwa thamosi, maana huku kwetu ukishakunywa soda ya mtu, umekubali maneno yake.

Kamande mwenye baa akacheka. "Shosho, unaleta kinywaji kwa baa?"

"Nimekuja kusikiliza, sikuja kununuliwa."

Na Jeff huyo hapo kaunta, na chupa yake. Nikamfinya Cheptanui. Daktari mwenyewe, kijana anayeitwa Okeyo, alitundika shuka jeupe ukutani akatuonyesha picha za ziwa: lilivyokauka miaka ya tisini, vumbi la magadi likaingia hadi kwenye ugali wetu, na lilivyojaa sasa. Alizungumza vizuri, na hilo ndilo lilizidi kunitia wasiwasi.

Aliporuhusu maswali, Cheptanui akasimama. "Mwalimu, sasa shamba langu ndilo la kwanza kutoka ukingo wa maji. Yatanifikia kabla ya Krismasi, ama hayatafika?"

"Mama, sijui," Okeyo akasema. " Yanaweza kupanda, yanaweza kurudi. Mtu akikutajia mwezi, anakudanganya."

"Huyu hapa," Cheptanui akanyoosha kidole kaunta, "anasema ni nyinyi mlimwambia."

Baa nzima ikageuka.

"Jeff, kumbe wewe ni profesa!" mlevi mmoja akapaza sauti. "Tununulie basi!"

"Mathe, mimi nilisema pengine," Jeff akajibu, macho kwenye chupa.

Njiani nilimwambia Cheptanui asifurahi upesi, hata kukanana kunaweza kupangwa.

"Wewe malaika akija utamwomba kitambulisho," akaniambia.

Jumatatu Jeff akarudi. Nilikuwa pale kwa Cheptanui, tunachambua mboga za managu. Habari ya maji hakuitaja tena. Alipandisha bei ya kulinunua shamba.

Cheptanui akaweka mboga chini. "Jeff, shamba linalozama linapanda bei? Ama unataka kufuga samaki?"

Jeff akashika kofia yake, akaizungusha.

"Basi kama ni zuri hivyo, niachie mimi. Maji yakija nitayaona yakija. Wewe ulikuja kwa kunyemelea."

Mvua ilipoanza Cheptanui alipanda maharagwe hadi mwisho wa ua. Maji bado yako pale pale, hayajaja, hayajarudi, naye kila asubuhi huenda kuyatazama kabla ya kukamua ng'ombe. Okeyo bado anafundisha kwa Kamande, na Cheptanui hakosi, siku hizi anakaa mbele kabisa. Mimi pia huenda. Nakaa karibu na mlango, nione huyo daktari anasalimiana na nani akitoka.